PISTONI NYEPESI: MAFUNDI WA PIKIPIKI ZA KALE HUPUNGUZA NINI NA HUACHA NINI?



Leo tutazungumza juu ya kipande kimoja cha injini. Kipande chenyewe kinaenea kiganjani, nacho ni pistoni. Vijana wa pikipiki wametuuliza zaidi ya mara moja: Je, ni kweli kwamba kule Uingereza wako mafundi wanaotoboa na kuchonga pistoni ili zipungue uzito? Ndiyo, ni kweli. Wanafanya hivyo kwa pikipiki za zamani, zile za Triumph, BSA na Norton, na wanajua wanachokifanya. Lakini wako watu wanaosikia nusu ya habari, kisha wanashika drili. Kwa hiyo tulifuate somo hili polepole. Mwenye kalamu na karatasi aviweke karibu, maana hesabu zipo.

PISTONI INAFANYA KAZI GANI?

Wengi wetu tumeiona pistoni mezani kwa fundi. Ina umbo la kopo lililopinduliwa: juu imezibwa, chini iko wazi. Ile sehemu iliyozibwa tuiite kichwa. Chini kidogo ya kichwa, ubavuni, iko mifereji, na ndani ya mifereji hukaa ringi. Chini ya ringi ni sketi, nayo huifanya pistoni isimame wima ndani ya silinda. Katikati kuna tundu la kupitisha pini. Pini hushika konrodi, na konrodi hushika krenki. Petroli na hewa vikiwaka juu ya kichwa, pistoni hushuka kwa nguvu, krenki huzunguka, na gurudumu nalo huenda.

Sasa fikirini mchi na kinu. Anayetwanga huunyanyua mchi, ukafika juu ukasimama, akaushusha, ukafika chini ukasimama tena. Pistoni nayo ni hivyo hivyo. Kila inapofika juu kabisa husimama, na kila inapofika chini kabisa husimama. Jicho halioni kusimama huko, lakini kupo. Na yeyote aliyetwanga kwa mchi mzito anajua kwamba kinachochosha ni kuuanzisha na kuuzuia, kuuanzisha na kuuzuia.

Tutazame injini moja tunayoijua vizuri. Mwaka 1959 kiwanda cha Triumph, kilichokuwa Meriden nchini Uingereza, kilitoa pikipiki iitwayo Bonneville. Jina hilo ni la uwanda wa chumvi huko Utah, Marekani, ambako mwaka 1956 Johnny Allen aliendesha chombo chenye injini ya Triumph kwa kasi ya kilometa 345 kwa saa hivi. Kiwanda kile cha Meriden kilifungwa mwaka 1983, lakini pikipiki zake nyingi bado zinatunzwa na wenyewe kama wengine wanavyotunza ng'ombe wa mahari.

Injini ya Bonneville ile ilikuwa na silinda mbili, ujazo wake sentimita 649. Kila pistoni ilikuwa na upana wa milimeta 71, na safari yake kutoka chini hadi juu ilikuwa milimeta 82. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa sekunde moja. Semeni "moja", na hapo pistoni imekwisha panda mara 100 na kushuka mara 100. Imesimama mara 200. Kwa sekunde moja tu!

GRAMU MOJA HUWA KILO MBILI

Hapa ndipo penye kiini cha somo, basi tusikimbie.

Pistoni inayopanda kwa kasi kama hiyo haitaki kusimama. Inataka kuendelea kwenda juu itoboe kifuniko cha silinda. Anayeizuia ni konrodi. Konrodi huivuta irudi chini, na pistoni nayo huivuta konrodi kwenda juu. Ukipiga hesabu kwa vipimo vya injini ile, utaona kwamba katika mizunguko 6,000 kila gramu moja ya pistoni huivuta konrodi kama uzito wa kilo 2 hivi. Gramu moja! Gramu ni kiasi cha chumvi unachokishika kwa ncha za vidole.

Tuseme pistoni pamoja na ringi zake na pini yake ina gramu 300. Zidisha kwa 2. Utapata kilo 600. Yaani ni kama magunia sita ya mahindi ya kilo mia mia, yamening'inizwa kwenye konrodi moja, yakatolewa, yakaning'inizwa tena, mara 100 kila sekunde. Sasa fundi akipunguza gramu 30 kwa kila pistoni, amepunguza kilo 60 za mvuto. Ndiyo maana wanahangaika na vigramu.

Liko jambo jingine la kushangaza. Mwendo wa injini ukizidi mara mbili, mvuto hauzidi mara mbili bali mara nne. Katika mizunguko 3,000 gramu moja huvuta kama nusu kilo tu. Katika 6,000 inakuwa kilo 2. Kwa hiyo mtu anayekwenda sokoni polepole hana shida na pistoni nzito. Mwenye shida ni yule wa mashindano.

Na konrodi hupata mateso makubwa wakati gani? Wengi watajibu: wakati petroli inapolipuka. Sivyo. Mlipuko huisukuma konrodi, na chuma huvumilia kusukumwa. Mateso makubwa ni pale pistoni inapofika juu ikimalizia kutoa moshi. Wakati huo juu ya pistoni hakuna kitu cha kuikinga, valvu zimefunguka, na mzigo wote wa kuizuia unaiangukia konrodi na bolti zake. Bolti ikikatika hapo, konrodi hutoka kwa kutoboa ubavu wa injini. Si mchezo.

Tuseme wazi neno ambalo vijana hawalipendi: pistoni nyepesi haileti nguvu yenyewe. Nguvu hutoka katika petroli na hewa iliyoungua. Wepesi wa pistoni huiruhusu injini kuzunguka kwa kasi zaidi bila kuvunjika, basi. Kama injini yako haiwezi kuvuta hewa ya kutosha kwa kasi hiyo mpya, umechonga bure.

KUTOKA CHUMA HADI ALUMINIAMU

Kupunguza uzito wa pistoni si jambo la leo. Pistoni za zamani zilikuwa za chuma cha kumimina. Mwaka 1913 Mwingereza W. O. Bentley, aliyekuwa akiuza magari ya Kifaransa ya DFP, alikwenda kukitembelea kiwanda cha magari hayo. Huko aliona kipande cha aluminiamu chenye umbo la pistoni, kilichowekwa mezani kuzuia karatasi zisipeperuke. Akajiuliza: kwa nini isiwe pistoni kweli? Akatengenezewa pistoni za aluminiamu iliyochanganywa na shaba, sehemu 12 katika 100, akazitia garini. Zikafaa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, ujuzi huo ukaingia katika injini za ndege.

Faida yake ni rahisi kuiona. Kopo la lita moja likijazwa chuma cha kumimina huwa na uzito wa kilo 7 na kidogo. Likijazwa aluminiamu huwa kilo 2 na gramu 700. Tena aluminiamu hupitisha joto upesi. Ubaya wake ni miwili. Kwanza, inapopata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo lazima kuwe na nafasi ya kutosha baina ya pistoni na silinda, la sivyo pistoni hunasa. Pili, huyeyuka mapema. Aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini moto unaowaka juu ya pistoni hupita nyuzi 2,000!

Basi kwa nini pistoni haiyeyuki? Kwa sababu moto huo ni wa kitambo kidogo sana, na joto lake huondolewa haraka. Huingia kichwani, hushuka ubavuni, hupita kwenye ringi, huingia katika ukuta wa silinda na kutoka nje kwa upepo. Oili nayo hubeba sehemu yake. Mwenye kupika ataelewa: sufuria yenye maji haiungui, lakini isahau jikoni bila maji uone. (Na sufuria nyingi nzito za mafundi wetu zimemiminwa kwa aluminiamu chakavu, zikiwamo pistoni zilizokufa. Kwa hiyo huenda ugali wa leo umesongwa ndani ya pistoni.)

WANACHONGA WAPI?

Fundi wa pikipiki za kale haanzi na drili. Huanza na mizani. Hupima pistoni peke yake, pini peke yake, ringi peke yake, na huandika. Kama ni injini ya silinda mbili, hupima pistoni zote mbili, kwa sababu mwisho wa kazi lazima zilingane, ikiwezekana zisipishane hata gramu moja. Yule asiyeandika vipimo vyake hafai kuguswa na kazi hii. Kusoma na kuandika ndiyo spana yake ya kwanza.

Kisha hutazama ndani ya pistoni. Ndani huwa kuna mabaki ya kumimina, vinundu na kingo ambazo hazina kazi. Hizo ndizo za kwanza kuondoka, kwa tupa ndogo au kijiwe cha kusagia. Baadaye hutazama sketi. Pistoni husukumwa upande wa mbele na upande wa nyuma tu, maana konrodi huyumba mbele na nyuma. Pande mbili za pini hazina kazi kubwa ya kuegemea. Huko sketi huweza kupunguzwa. Wengine hutoboa matundu ya mviringo katika sketi, chini ya pini. Kila tundu lililotobolewa lazima kingo zake zilainishwe kwa msasa mpaka kidole kisihisi ukali, kwa sababu ufa huanzia kwenye kingo kali. Tazameni mfuko wa nailoni: ukiwa mzima huupasui kwa urahisi, lakini ukiukata kidogo tu kwa wembe, unapasuka wote.

Pini nayo hutazamwa. Ni ya chuma cha pua, nzito kwa udogo wake. Badala ya kuifanya nyembamba yote, hutumia pini ambayo tundu lake la ndani limepanuliwa kwenye ncha mbili tu, na katikati imebaki nene. Pini nyembamba kupita kiasi hupinda ikibanwa, na kupinda kwake hupasua pistoni.

Hayo ndiyo wanayopunguza. Wanayoyaacha ni mengi zaidi. Hawapunguzi unene wa kichwa, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya joto. Hawagusi kuta za mifereji ya ringi. Hawagusi nyama inayozunguka tundu la pini, ila vinundu vya nje tu. Hawazibi wala hawaunganishi vitundu vya kurudishia oili vilivyo nyuma ya ringi ya chini. Na vumbi la aluminiamu hawalivuti puani: huvaa miwani na kitambaa, kisha huosha pistoni mara mbili tatu.

Wako pia wanaobadili kichwa chenyewe, wakiweka pistoni yenye kichwa kilichobinuka ili hewa ibanwe zaidi. Hiyo ni nguvu kweli, lakini huongeza uzito na joto, na valvu huweza kugonga pistoni. Ili kupima nafasi, hubandika juu ya pistoni udongo laini wa kufinyanga, wa watoto wa shule, hufunga injini, huizungusha kwa mkono, hufungua tena na kukata udongo ule kuona umebaki unene gani. Ni kipimo cha bei ndogo, na cha kweli.

Siku hizi wenye fedha hawachongi sana. Hununua pistoni mpya zilizofuliwa, fupi na nyepesi, pamoja na konrodi ndefu zaidi. Kwa maoni yetu hiyo ni njia bora kuliko kupunguza pistoni ya miaka 60, ambayo hakuna anayejua imepitia moto gani.

Tena iko njia ya kukwepa tatizo zima, nayo ni kufupisha safari ya pistoni. Norton walifanya hivyo kwa pikipiki yao ya mashindano, Manx. Injini yake ya zamani ilikuwa na upana wa milimeta 79.6 na safari ya milimeta 100. Mwaka 1954 wakaifanya upana 86 na safari 85.6. Ujazo ulibaki karibu ule ule. Lakini katika mizunguko 7,000 kwa dakika, mwendo wa wastani wa pistoni ulishuka kutoka meta 23 na kidogo kwa sekunde hadi meta 20.

MTETEMO

Hili ndilo watu wengi hulisahau. Wanawake wawili wakitwanga kwa kupokezana, mmoja juu mwingine chini, kazi hutulia. Lakini katika Bonneville ile pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja, ingawa moto huwaka kwa zamu. Ni sawa na wanawake wawili wenye vinu viwili wanaopiga kwa pigo moja. Nyumba itatetemeka.

Ili kutuliza, krenki hupewa uzito upande wa pili. Pistoni zikipanda, uzito huo hushuka. Mtu atasema: basi uwe sawa kabisa na pistoni. Haiwezekani, kwa sababu uzito huo huzunguka, na ukifika mbele au nyuma hakuna cha kuupinga, kwa hiyo pikipiki itatikisika mbele na nyuma badala ya juu na chini. Waliotengeneza injini hizo walichagua katikati. Mara nyingi walisawazisha kati ya sehemu 50 na 85 katika kila 100 za uzito unaopanda na kushuka.

Sasa tuseme uzito unaopanda na kushuka ni gramu 500, na krenki imewekewa gramu 300 za kuupinga. Hiyo ni sehemu 60 katika 100. Fundi akachonga mpaka gramu 500 zikawa 400, lakini krenki hakuigusa. 300 kwa 400 ni sehemu 75 katika 100. Injini imekuwa nyingine! Huenda ikatulia kwa kasi moja na kutikisika vibaya kwa kasi nyingine, mpaka nati zifunguke na tangi lipasuke. Kwa hiyo mwenye kupunguza pistoni kwa kiasi kikubwa lazima aipeleke krenki ikasawazishwe upya.

Na kwa injini zile ndogo zinazochanganya oili na petroli, kama BSA Bantam ya mwaka 1948, sketi ya pistoni ndiyo mlango wa kuingizia hewa. Ukikata sketi upande huo, umebadili saa ya mlango kufunguka. Hukupunguza uzito tu, umebadili injini. Wa mashindano hukata milimeta moja moja kwa makusudi. Asiyejua asikate.

NA PIKIPIKI ZETU ZA BODABODA JE?

Pistoni ya pikipiki ya sentimita za ujazo 125 au 150 ni ile ile kwa kazi, ila ni ndogo, na kiwanda kimekwisha ipunguza uzito. Ukiitazama ndani utaona sketi imekatwa pande mbili za pini. Ile kazi ya kuchonga ilikwisha kufanywa na mashine kabla pikipiki haijafika dukani.

Tuliwahi kuonyeshwa pistoni moja ya bodaboda iliyotobolewa matundu sita kwa drili ya mkono. Kingo hazikulainishwa. Ufa ulianzia tundu la pili, ukapanda hadi tundu la pini, na nusu ya sketi ikaangukia kwenye krenki. Injini ilinasa mteremkoni, gurudumu la nyuma likajifunga, na mwenye pikipiki na abiria wake wakaanguka. Walipona, lakini pikipiki ilikuwa bado ya mkopo.

Yaliyo ya maana kwetu ni mengine. Silinda ikichakaa, huchongwa upya na kuwekwa pistoni kubwa zaidi, yenye alama 0.25, 0.50 na kuendelea. Alama hizo ni milimeta zilizoongezeka katika upana. Someni alama hiyo wenyewe kabla ya kulipa. Mwombeni muuza duka aweke pistoni ya zamani na mpya kwenye mizani, kama ana mizani ndogo ya kupimia. Tofauti ya gramu chache si neno, lakini ikiwa mpya ni nzito sana, ulizeni iko nyingine. Tazameni alama ya mshale au maandishi juu ya kichwa, kisha mwulizeni fundi inaelekea upande gani. Na ringi isifungwe kabla ya kuingizwa peke yake ndani ya silinda na kupimwa mwanya wake kwa vile vipimo vyembamba ambavyo mafundi huviita fila geji. Ikiwa hakuna mwanya, ncha mbili zitagusana injini ikipata moto, na ringi itavunjika.

ZOEZI

Fanyeni hesabu hizi katika daftari, kisha mlinganishe na jirani.

Pistoni ya Bonneville, pamoja na pini na ringi, tuseme ina gramu 240. Katika mizunguko 6,000 itaivuta konrodi kama kilo ngapi? Na katika 3,000 je?

Injini nyingine ina gramu 600 zinazopanda na kushuka, na krenki yake ina gramu 420 za kuzipinga. Ni sehemu ngapi katika 100? Fundi akipunguza gramu 40 bila kugusa krenki, zitakuwa ngapi?

Majibu: kilo 480, kilo 120, sehemu 70, sehemu 75.